Siku Mwalimu wa Kichina Alipoacha Kutuamkia

Jumapili, hapa Utange. Mvua imeshika tangu tutoke kanisani, nguo nilizofua jana zingali mbichi, na mimi nimejaa aibu.

Nianze na la furaha. Nimemaliza masomo yote ya mwanzo ya Kichina! Mimi, niliyekuwa nikisinzia darasani hadi nikaitwa Bi Usingizi. Nauza vigae, na tajiri wetu Mchina amesema nikikijua vizuri nitakuwa napiga simu kwao kuagiza mzigo. Basi najifunza kwa simu, kwa kusikiliza tu, asubuhi nikijitayarisha kwenda kazini.

Sikuwa peke yangu. Mama hukaa uani akishona makuti, na simu nilikuwa naiweka juu ya ndoo, kati yangu na yeye.

Tangu tumzike baba, Mama alikuwa hasemi. Ukimuuliza jambo, anatikisa kichwa. Kisha siku moja mwalimu wa kwenye simu akasema "Ni hao," ndiyo hujambo ya Kichina, akanyamaza kidogo ili mwanafunzi aitikie. Mimi nilikuwa na mswaki mdomoni. Mama akajibu, "Ni hao, mwanangu. Za huko kwenu?"

Niliduwaa, povu linanitiririka kidevuni.

Kwetu kuacha salamu bila kuijibu ni aibu, hata uwe na msiba, hata aliyekuamkia humjui. Kuanzia hapo kila asubuhi Mama alimwitikia yule mwalimu, akamuuliza za mvua, za watoto, na akiona hajibiwi anamhurumia: "Maskini, ana kazi nyingi huyu." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Na sauti ikamrudi kidogo kidogo.

Jumatatu nikapanda ngazi ya kati. Lo! Huko hakuna salamu, hakuna kungojana. Watu wawili wanaongea mbio mambo ya kukodi nyumba, wala hawajali kama upo. Mimi jasho lilinitoka. Mama alishika sindano yake, akangoja. Somo lilipokwisha akaniuliza, "Leo mwalimu ametuudhikia?"

"La, Mama. Zile salamu zilikuwa za wanaoanza."

"Haya," akasema, akaendelea kushona. Tangu hapo akanyamaza tena. Nami, ili niyashike yale maneno ya mbio, nikatia waya za simu masikioni.

Alhamisi nilishindwa kuvumilia, nikamwekea somo la kwanza kabisa. Alilisikiliza mpaka mwisho bila kuitikia. "Hilo umeshalimaliza," akasema. "Usirudi nyuma kwa ajili yangu."

Roho iliniuma. Nimeshinda siku tatu nikiwalaumu waliotengeneza masomo. Kisha leo kanisani mchungaji akasema tusalimiane na jirani. Nikamgeukia Mama, nikampa mkono, nikaona macho yamemjaa machozi. Nikajiuliza, mimi mara ya mwisho nimemwamkia lini?

Sikukumbuka.

Nikisema kweli, tangu msiba nimekuwa namwogopa. Nilihofu nikimuuliza u hali gani atanijibu hasa, nami sitakuwa na la kumwambia. Kwa hivyo kila asubuhi nilimpita mbio na mswaki wangu, kazi ya kumwamkia mama yangu nikaiachia simu.

Tuliporudi niliizima, nikaketi naye mkekani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"U hali gani?"

Alinitazama sana. "Si nzuri," akasema. "Namsikia babako akikohoa. Nikigeuka, hayupo."

Kweli sikuwa na la kumwambia. Nilimshika mkono, tukalia wote wawili. Halafu akaanza kunisimulia habari za baba, jinsi alivyokuja kumposa na viatu vya kuazima vinavyombana, nyingine sijapata kuzisikia. Chai ilipoa, tukaipasha moto, ikapoa tena, na yeye bado anasema.

Kesho nitaamka nusu saa mapema. Mambo ya kukodi nyumba kwa Kichina yananishinda bado, na acha yanishinde mpaka Mama amalize habari zake.