Kitufe cha Kasoro

Kwa Mrombo, Arusha

Kwa dada yangu mpenzi Fausta,

Tumsifu Yesu Kristo, dada, na shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu kabla hujamwambia kwamba barua imefika, maana ukianza na barua atataka uisome yote papo hapo, na hii siyo ya kumsomea yote. Mguu wake unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilimsaidia? Na Beata wangu, anaamka mwenyewe kwenda shule au bado mpaka umvute blanketi? Mimi huku mwili ni mzima, namshukuru Mungu kwa hilo. Baridi inauma kweli, mlima umejifunika wingu hadi miguuni, hatuuoni. Ila siyo baridi iliyonikalisha kuandika.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Wewe simu unaiweka sauti kubwa ili mama asikie, nami nikimsikia anakohoa pembeni naishia kusema "kazi inaendelea vizuri". Dada, kazi imekwisha. Barua hii nimempa mama mmoja wa jumuiya yetu anayekuja Songea kumuuguza binti yake, atakutafutia mtu wa kuileta Mbinga.

Najua umewaambia watu kwamba mdogo wako anafanya kazi ya nyota, na padri alipokuuliza ni kazi gani hiyo ukashindwa kumweleza. Acha nikueleze, ili ujue ilivyokuwa na ilivyokufa.

Unajua nilikuwa mchambuaji kwenye kiwanda cha kahawa. Tunakaa mezani akina mama, kahawa iliyokobolewa inamwagwa mbele yetu, tunatoa kasoro. Punje iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu, iliyopinda umbo, zote hizo ni kasoro, zinasukumwa kushoto. Kiwanda kilipoleta mashine ya kuchambua kwa taa, tukaambiwa asanteni. Ndipo akaja kijana mmoja, daktari, siyo wa hospitali, daktari wa mambo ya nyota, akasema anatafuta watu wenye jicho. Akatuchukua karibu meza nzima. Akatuweka kwenye chumba pale Ngarenaro, ghorofani juu ya fundi wa mageti. Chini wanachomelea vyuma, juu sisi kila mtu na kompyuta yake tunatazama mbingu.

Mbingu ya kweli, dada. Kuna darubini kubwa nchi ya mbali inayopiga picha za anga, picha nyingi kuliko macho ya watu yanavyoweza kuzimaliza. Kila picha ina galaksi, ndiyo kusema kijiji cha nyota, nyota zisizohesabika zimekaa pamoja. Kazi ya kuzitenga wanataka kuipa kompyuta. Lakini kompyuta haizaliwi inajua. Inajifunza kwa mifano kama mtoto: unaionyesha hii, unaiambia ni laini, unaionyesha ile, unaiambia ina mikono, imejizungusha kama konokono. Ikishaona mifano mingi inaanza kutambua yenyewe hata zile ambazo haijawahi kuonyeshwa. Mifano hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitengeneza sisi. Picha inakuja, chini yake vitufe: LAINI, MIKONO, JOZI, KASORO. Unabonyeza, inakuja nyingine.

Na picha moja haitazamwi na mtu mmoja. Inapitishwa kwa watu kadhaa, halafu hesabu inaangalia wengi wamesema nini. Anayekubaliana na wenzake mara kwa mara, jibu lake linaongezewa uzito. Anayepingana nao, uzito wake unapungua. Ni haki kabisa, au siyo? Mimi nilikuwa na uzito kuliko wote. Daktari alikuwa akipita nyuma yangu anasema, "Mama Beata, hii kompyuta inakuamini wewe kuliko inavyoniamini mimi." Nilikuwa narudi nyumbani natembea kama niliyepakwa mafuta.

Alikuwepo mmoja tu ambaye hakutoka kwenye kahawa, Nailepu, Mwarusha wa upande wa wafugaji, mcheshi sana. Siku moja ikaja picha ya galaksi mbili zimegusana, moja imeraruka ubavuni, mkia unaning'inia. Nikabonyeza KASORO. Mama Ndekirwa, yule rafiki yangu Mmeru wa kule Momela, naye KASORO. Nailepu akachungulia kwangu.

"Nyie mama, kasoro iko wapi hapo? Si hawa ni wawili wanagombania mlango wa zizi?"

"Jozi ni kama viatu," nikamwambia, "vyote vizima. Huyo mmoja kachanika, humwoni?"

"Ng'ombe akichanika ubavu unamtupa?"

Mama Ndekirwa akadakia, "Tunamchinja! Bonyeza wewe, acha kuchunga."

Tulicheka hadi fundi wa chini akagonga dari kwa chuma.

Lakini hesabu haina utani. Kwa kuwa Nailepu hakubaliani na sisi, uzito wake ukashuka, picha zake zikapungua, hadi asubuhi moja akawasha kompyuta hakukuta kitu. Akachukua mkoba wake, akasimama mlangoni, akasema, "Haya, bakini na kahawa yenu." Tukadhani anaaga kwa mzaha.

Sasa juzi juzi daktari akaipa ile mashine tuliyoifundisha, iliyokwisha kufuzu, kipande kipya cha anga, ikichambue peke yake. Hao watu wa nyota wanajua kwa hesabu kwamba miongoni mwa galaksi nyingi lazima ziwepo zinazogongana, kiasi fulani hivi. Mashine ikarudi haikuona karibu hata moja. "Mbingu yote imetoka safi," akatuambia, "kama imeoshwa." Alichanganyikiwa, maana mashine ilikuwa na uhakika mno, na sisi walimu wake tulikuwa tumekubaliana mno.

Akachapa picha kwenye karatasi, akazimwaga mezani, akatuomba tuzitenge kwa mkono mbele yake. Hakuna aliyefikiri, dada. Mikono ilikwenda yenyewe. Zile zilizogongana na kuraruka tukazisukuma zote kushoto, ukingoni mwa meza.

"Mbona hizi mnazipeleka huko?"

"Si zimevunjika, baba?" Mama Ndekirwa akamjibu. "Hizo hazinyweki."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye kiti changu akafunika uso kwa mikono. Lile neno KASORO, yeye aliliweka kwa maana ya kasoro ya picha: kioo kina vumbi, setilaiti imepita ikaacha mstari mweupe. Hakutueleza, kwa kuwa aliona ni neno la kawaida. Sisi hatukuuliza, kwa kuwa ni neno letu, limetulisha ugali miaka yote. Na hizo tulizozitupa ndizo JOZI yake, ndizo hasa alizokuwa anazitafuta.

Angekosea mmoja wetu, hesabu ingemkamata. Tulikosea wote kwa mkono mmoja, ikaona umoja wetu ikadhani ndio ukweli. Aliyepatia ndiye iliyemtoa.

Nilimfuata daktari nikamwambia, neno sasa tumelielewa, tupe tuzipitie upya, hata ukitaka bure. Alinisikiliza vizuri tu, ni mtoto mwenye adabu. Akasema, "Mama Beata, ningetaka. Lakini wenye darubini wameamua mifano yote ya hapa ifutwe."

"Hata tuliyopatia?"

"Hata hiyo. Hawana namna ya kuitenganisha. Wataanza na watu wengine, nchi nyingine. Wanataka macho ambayo hayajazoea."

Hilo nalijua. Kahawa ikiingiwa na punje chache zilizooza, harufu inashika gunia zima, na gunia zima linarudishwa. Hakuna anayesimama kuliombea.

Chumba kimefungwa, fundi ameshaweka vyuma vyake mle. Nilimpigia Nailepu nikamweleza yote. Akasema, "Pole, Mama Beata," basi. Afadhali angenicheka.

Hapa sasa, dada, mama asisikie. Siwezi kusali. Misa ya asubuhi nakwenda, rozari nashika, midomo inakwenda na moyo umekaa kimya kama sufuria tupu. Daktari alituambia kwamba kugongana kule kunachukua miaka ambayo mtu hawezi hata kuiwaza, na kwamba humo humo kwenye kuraruka ndimo zinamozaliwa nyota mpya. Kumbe Mungu alikuwa kazini pale, na mimi kutwa nzima napita nyuma yake nabonyeza kasoro, kasoro, kasoro. Nilimweleza padri kwenye kitubio. Akasema hiyo si dhambi, ni makosa ya kazi tu. Nilitamani aseme ni dhambi. Dhambi ina dawa yake.

Mashine ya kwanza ilikuja na lori ikanitoa mezani. Ya pili niliifundisha mwenyewe, na sasa inatupwa kwa sababu imefanana na mimi. Nimezunguka kuomba kazi, nimeuliza viwandani, nimeuliza kwa watu wa maua. Wananitazama mara moja tu, wanajua umri wangu, wanasema tutakupigia. Sina nguvu ya kuanza tena, dada. Zamani ningesema Mungu atafungua mlango. Leo nalisema na halinifiki.

Nataka kurudi nyumbani. Siji kutembea, narudi. Najua nyumba ni ya shemeji, na najua alichokisema nilipoondoka, kwamba mwanamke akishakwenda mjini njia ya kwao huota nyasi. Mwombe kwa upole, siku akiwa ameshiba. Nitalala chumba kimoja na mama, nitamchua mguu, na jembe sijalisahau. Mama mwambie kazi imekwisha, lakini usimwambie imekwishaje. Ameshajisifu mno kwa wenzake kanisani.

Mpe shemeji heshima zangu. Msalimie mama mkubwa pale ng'ambo ya mto, na katekista wetu, umwambie asiache kunitaja kwenye maombi, maana yangu mimi hayapandi. Mama Ndekirwa anawasalimu ingawa hamjuani. Beata mbusu kichwani akiwa amelala.

Shemeji akikataa, niandikie alivyosema, neno kwa neno. Usinichambulie, dada. Nataka nilijue lote.

Mdogo wako,
Editha