Kitambaa Kilichofunika Mashine Mama

KITUO KIDOGO CHA POLISI, MTAA WA MIKONDE, KABAMBARE

Maelezo ya shahidi katika jambo la kuharibika kwa kompyuta ya Kituo cha Afya Tuinuke

Jina: Chadia Ramazani Sefu
Umri: miaka 37
Kazi: mshauri wa kompyuta, anajitegemea
Makao: Kasongo mjini
Mpokeaji wa maelezo: Nathanaël Mukumbi, afisa wa upelelezi (OPJ)
Tarehe: 17 Oktoba 2024, kuanzia saa nne asubuhi

Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa. Naomba hilo liandikwe kwanza, kwa sababu Bwana OPJ ameniuliza mara mbili nani amenituma.

Mnamo tarehe 10 Juni mwaka huu nilifunga kompyuta tatu katika Kituo cha Afya Tuinuke. Mbili ni ndogo, za kuandikia. Moja ni kubwa, inatunza faili za wagonjwa wote, na pale tunaiita mashine mama. Niliiweka chumba cha faili, karibu na dirisha lenye wavu, ipate hewa. Nilimfundisha kazi mwandishi wa faili, Nadine Mwamba, kwa siku sita. Nimefundisha watu Kasongo, Nyangwe na hapa Kabambare, na Nadine ndiye peke yake aliyewahi kuniuliza maswali yaliyonifanya nikeshe.

Mnamo tarehe 14 Oktoba, saa mbili asubuhi, nilikuwa nyumbani Kasongo nikinywa chai. Nilipigiwa simu na Papa Pitchou Kalonda, msimamizi wa kituo hicho cha afya. Alisema: "Mama Chadia, mashine mama imekufa. Nadine njo ameiua. Tulishamufunga. Kuya mbio, unifanyie rapport." Hakuuliza mashine inaumwa nini. Alishampata mchawi kabla ya kujua ugonjwa.

Nilipanda pikipiki saa ile ile. Barabara hiyo kila mtu hapa anaijua, sitaieleza. Nililala njiani, nikafika tarehe 15, saa tisa alasiri, matope hadi magotini.

Chumba cha faili hakikuwa na mashine mama. Papa Pitchou alinipeleka ofisini kwake na kunieleza kwamba kitu cha thamani namna ile hakiwezi kukaa kwa watu wadogo, kwa hiyo aliihamisha mwezi wa Agosti. Siku ya kuihamisha hakunipigia simu. Siku ya matanga ndipo alipokumbuka namba yangu.

Naomba ofisi yake iandikwe jinsi ilivyo. Kila kitu mle ndani kimevaa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye ukingo wa rangi ya machungwa: redio, televisheni, viti vinne, hata birika la maji. Mke wake anafuma vizuri, sibishi. Mashine mama peke yake ilikuwa uchi. Nilimuuliza kitambaa chake kiko wapi. Akasema: "Iko wanafua."

Saa tisa na nusu nilifungua mashine mbele yake. Feni ilikuwa imekwama. Uzi mweupe na wa machungwa ulikuwa umejizungusha ndani, mwingine umeyeyuka na kushikamana na chuma. Uzi huo uko kwenye bahasha niliyomkabidhi Bwana OPJ. Mashine ile inapumua kwa feni. Ukiifunika, joto linabaki ndani, na diski inayobeba faili inaungua polepole, siku baada ya siku. Hakuna mtu aliyeingia kufuta kitu. Ilifunikwa mpaka ikafa, basi.

Nikaomba klé ya akiba, ile flashi ndogo ambayo Nadine aliitumia kunakili faili kila Ijumaa. Papa Pitchou aliitoa kwenye mfuko wa koti lake. Ndani hamkuwa na faili hata moja. Mlikuwa na video za ndoa ya mpwa wake. Akasema: "Nafasi ilikuwa kidogo. Niliondosha vitu vya Nadine."

Vitu vya Nadine ni watu elfu mbili na mia nane. Ni akina mama wenye mimba, ni wagonjwa wa kifua kikuu ambao leo hakuna anayejua nani yuko mwezi wa ngapi wa dawa. Daftari za karatasi aliamuru Papa Pitchou mwenyewe ziachwe tangu Julai, eti kituo kimeendelea.

Kisha akanisogezea karatasi. Rapport yangu, ripoti ya fundi, ilikuwa imeshaandikwa, ilibaki nitie sahihi. Ilisema Nadine Mwamba aliharibu mashine kwa makusudi. Nilimuuliza kwa nini Nadine. Akajibu: "Ule mwanamuke iko na kichwa nguvu. Alikataa tuhamishe mashine, akanisemesha mbele ya batu. Sasa atajua mukubwa ni nani."

Nilikataa kutia sahihi. Papa Pitchou akasimama, akanivuta kwa mkono hadi chumba cha faili, akanionyesha karatasi ya masharti ukutani. "Soma! Hii si mukono yako?" Ni mwandiko wangu. Sharti la kwanza linasema: Vumbi ni adui wa mashine, ilindeni siku zote. Akasema: "Ulisema tuilinde na vumbi. Tulifunika. Sasa kosa yetu ni nini?"

Nilikuwa nimeandika vumbi, sikuandika msifunike. Na mimi si mgeni wa nchi hii. Kwa mama yangu Kasongo televisheni inavaa vizuri kuliko watoto, na ukikivuta kitambaa chake utachapwa. Nilijua kabisa mtu wa kwetu akiambiwa alinde kitu na vumbi atafanya nini. Nilinakili sharti kutoka kitabu cha watu wa mbali, nikalibandika, nikapanda pikipiki. Hasira ya hilo ninayo, na ni ya kwangu.

Lakini kukosea ni kitu kimoja, na kumtupia mwenzako kosa lako ni kitu kingine. Kitambaa kiliondolewa kabla sijafika. Anayeficha anajua anachoficha.

Jana, tarehe 16, saa tatu asubuhi, nilikuja hapa kumwona Nadine. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni na mtoto wa miezi mitano, amempitisha kwenye nafasi ya mlango anyonye, kwa sababu mama haruhusiwi kutoka. Nadine alinyonyesha amesimama. Aliniambia: "Dada, kila asubuhi nilimuambia Papa Pitchou mashine iko moto. Aliniambia niache kelele." Hakuniuliza atatoka lini. Aliniuliza juu ya faili zilizopotea: "Zile fishi za wagonjwa wa kifua, zinaweza kurudi?" Nilimwambia hapana. Hapo ndipo alipolia.

Nimekasirika. Naomba liandikwe neno hilo hilo, lisiandikwe "shahidi alisikitika".

Bwana OPJ ameniambia kwamba mtu hatoki hivi hivi, lazima kosa liwe na mwenyewe. Sawa. Aliyehamisha mashine ni Pitchou Kalonda. Aliyeifunika ni yeye. Aliyefuta klé ni yeye. Aliyeandika sharti lisilotosha ni mimi. Nadine Mwamba ndiye peke yake aliyefanya kazi yake, na ndiye peke yake mliyemfunga.

Niliyosema ni hayo. Nimeyasema nikiwa na akili timamu, bila kulazimishwa, na nitayarudia mbele ya yeyote.

Sahihi ya shahidi: Chadia R. Sefu

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya na kuyakubali. Ameombwa aondoe sentensi inayoanza "Nadine Mwamba ndiye peke yake", amekataa. Mshukiwa Nadine Mwamba ameachiwa leo saa nane mchana. Bwana Pitchou Kalonda ameombwa afike kituoni atakapopata nafasi. Shahidi, kwa kuwa amekiri mwandiko wa masharti ya ukutani ni wake, amezuiliwa ndani hadi maagizo mengine.

N. Mukumbi, OPJ