Wakabakiza Shukrani

Seven Hills, 24 Aprili 2022

Dada Goreth,

Shikamoo. Natumaini hamjambo huko Minto na mgongo wa shemeji umepata nafuu. Sisi wazima. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia nitasema maneno ya kujutia.

Jana mchana kazini tunakula, televisheni imewashwa, nikaona uso wako. Unasema, "Naishukuru sana Australia, imetupa kila kitu." Basi, ndiyo hayo tu. Kisha akaja bwana mwenye tai, akasema sisi watunza wazee wenyewe tumeridhika, wanaochochea ni vyama vya wafanyakazi, na mishahara ikipanda sasa uchumi utaanguka. Wenzangu wote wakanigeukia. Wilkister, yule Mkenya ninayeinua naye wazee kila siku, akaniuliza, "Huyo si dada yako? Wamemlipa ngapi?"

Tunaomba nyongeza tangu korona ianze. Uchaguzi ni mwezi ujao, na huu ndio wakati pekee wanasiasa wanatusikiliza. Wewe mwenyewe unafanya kazi hii hii, halafu unaenda kutuuza. Usije kwangu Jumapili.

Mdogo wako,
Dévote

Minto, 26 Aprili 2022

Mdogo wangu Dévote,

Amani iwe kwenu. Mgongo wa shemeji yako bado unasumbua. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Yule binti wa televisheni alikaa sebuleni kwangu karibu saa nzima, anakunywa chai yangu. Nilimweleza yote. Nilimweleza Januari, nilivyofanya shifti mbili mfululizo kwa sababu wenzangu wote wanaugua korona. Nilimweleza wazee wanne waliokufa nimewashika mkono, watoto wao wamezuiwa getini. Nikamwambia mshahara wenyewe unaishia kwenye kodi ya nyumba na mafuta ya kwendea kazini.

Lakini unajua nilianzaje. Kule kambi ya wakimbizi tulifundishwaje? Ukiingia kwa wale wa mahojiano ya kutuleta huku, shukuru kwanza, ndipo utoe shida yako. Hata ushuhuda kanisani unaanza hivyo. Nilishukuru dakika moja, wakaichukua hiyo, nyingine zote wakazitupa.

Nimewapigia, wakasema habari ilipaswa kuwa fupi. Nimewaandikia mara mbili, kimya. Na wewe uliyenisikia nikilia Januari ndiye unayesema nimewauza? Hilo limeniuma kuliko televisheni.

Dada yako,
Goreth

Seven Hills, 9 Mei 2022

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, ni mafua ya watoto tu.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nakuamini, ila mimi kukuamini hakusaidii kitu. Leo bosi katuita kwenye mkutano wa mishahara, na ukutani kabandika picha yako. Ameikata gazetini, na yale maneno ya shukrani yameandikwa chini kwa herufi kubwa. Akatuuliza, "Mbona huyu halalamiki?" Wilkister akainuka akatoka. Mimi nilitamani kumrushia kiti.

Yule mtangazaji wa redio wa asubuhi, anayesema kila siku kwamba tukiongezwa hela mkate utapanda bei, hupokea simu za wasikilizaji papo hapo hewani. Hapo hawana nafasi ya kuchagua vipande. Piga, na safari hii usianze na asante.

Mdogo wako,
Dévote

Minto, 11 Mei 2022

Mdogo wangu,

Poleni na mafua, wape watoto tangawizi.

Nimejaribu kusema bila asante mbele ya shemeji yako, nikaona haya kama nimevamia nyumba ya watu na viatu vya matope. Yeye anasema tuache, tutaonekana wakimbizi wasio na adabu. Na nikikasirika Kiingereza kinanikimbia. Niombee.

Dada yako,
Goreth

Seven Hills, 14 Mei 2022

Dada Goreth,

Shikamoo. Sisi wazima, na nimekusikia jana.

Tuliweka redio jikoni kazini. Hukusalimu. Ulitaja jina lako, ukasema, "Mnanitumia kusema uongo." Mtangazaji akakuuliza hela zitatoka wapi. Ukamjibu kwamba wakati wa korona hakuna aliyekuuliza habari za uchumi, mlipewa tu barakoa mkaambiwa ingieni. Akasema, "Lakini mama, huna shukrani kwa nchi iliyokupokea?" Nikajua basi, unarudi kwenye asante. Ndipo ukasema, "Miaka sita nawaosha mama zenu kila asubuhi. Nimeshashukuru. Sasa tuzungumze mshahara."

Akakata simu, akaweka tangazo la magodoro.

Gazeti la leo halina hata mstari mmoja. Nimepekua kurasa zote na damu inanichemka bado. Lakini bosi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, alisikia kila neno. Alipoondoka, Wilkister alibandua picha yako ukutani akanipa.

Kesho nakuja Minto na treni ya asubuhi. Nilikuambia umetuuza, wewe mkubwa wangu, na neno kama hilo haliombewi msamaha kwa barua.

Mdogo wako,
Dévote