Ua la Kikombeni

Jumatatu, 3 Machi 2003

Mvua tena. Nimeshuka mjini na picha za Shangazi Zaina kifuani, ndani ya nailoni, kanga juu yake. Hoza wa kibanda cha intaneti ameskani tatu, ya nne umeme ukakatika. Nimesubiri saa mbili, wapi! Nimekula andazi, nimerudi kwa miguu. Hasira.

Picha ni za zamani. Shangazi alizichora akiwa msichana, alipokuwa akimbebea kikapu mtawa mmoja wa Kifungilo. Ndiye aliyemfundisha rangi za maji. Maua, majani, kinyonga mmoja. Tangu kiwanda chetu kibinafsishwe na sisi wapiga chapa tuambiwe kwaherini, sina kazi nyingine. Natengeneza kadi za salamu kwa picha hizo, nauza kwenye mtandao.

Shangazi ametoa sharti moja. Lile ua la zambarau lililo kikombeni niuze picha yake nipendavyo, ila nisimwambie mtu linaota wapi. Nikaitikia, ndiyo Shangazi.

Alhamisi, 13 Machi

Mteja! Mholanzi. Kadi ishirini, zote za ua la kikombeni. Nilipiga kelele mpaka Hoza akauliza kama nimefiwa.

Jumatano, 26 Machi

Mholanzi ameandika tena. Anauliza, ua hili lipo kweli au Shangazi alilibuni tu? Swali limeniudhi. Eti kubuni! Shangazi wangu!

Nimemjibu ukurasa mzima, kwa Kiingereza cha ofisini. Ashuke Mombo, apande gari la Lushoto, apite Soni. Msikiti wa bati, kushoto. Nyumba ya Shangazi. Nyuma yake njia ya bondeni, mpeasi ulioinama, mawe matatu ya kuvukia mto, kisha mwamba wa chemchemi. Kwetu mgeni haelekezwi nusu njia. Nikamalizia kwa Kiswahili: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeisoma mara mbili, haina kosa hata moja. Miaka tisa ya kupiga chapa si mchezo.

Sharti nililikumbuka nikiwa njiani kurudi. Nikajiambia, Ulaya mbali, nani atakuja.

Jumapili, 13 Aprili

Wamekuja. Mimi nilikuwa harusini Soni.

Wanaume wawili, Mzungu na mwenyeji wa Dar, na gari lenye masanduku. Barua yangu mkononi, wameichapa kwenye karatasi. Yule wa Dar alimwamkia Shangazi shikamoo vizuri kabisa. Shangazi alijua ni wageni wangu, akawapa chai na mahindi ya kuchemsha. Wakashuka bondeni. Waliporudi, masanduku yalikuwa yamefunikwa magunia mabichi. Wakashukuru, wakaondoka.

Shangazi amenisimulia haya akiosha vikombe vyao.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwamba mtupu. Wamekwangua kwa visu, wamechukua hata machipukizi, hata ukoga wa kijani ulioyashika mwambani. Nimetafuta mpaka magoti yamechubuka. Hakuna hata jani. Mjinga mimi. Mjinga aliyesoma, ndiye mbaya zaidi.

Nimempigia Shangazi magoti. Ndipo akaniambia: hata yule mtawa hakuonyeshwa. Aliomba miaka mitatu. Shangazi alimpelekea ua moja tu, kwenye kikombe cha bati, wakalichora wote wawili hapohapo. Halioti kwingine anakokujua yeye. Miaka hamsini alinyamaza. Mimi nililitoa asubuhi moja, kwa sababu niliudhika. Mdomo uliponza kichwa, na wangu umeponza chemchemi ya watu.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemwambia Hoza aufute ukurasa wote wa kadi mtandaoni. Amenishangaa, maana biashara ilikuwa imeshika. Mholanzi nimemwandikia mara mbili, hajibu.

Nimerudisha picha zote. Shangazi amezipokea, akaweka ile ya kikombe juu. Halafu akatoa ile barua yangu, kumbe waliisahau mezani. Akataka nimsomee. Nikakataa. Akasema soma.

Nikaisoma, nikimgeuzia kwa Kishambaa. Msikiti wa bati. Mpeasi. Mawe matatu. Alifumba macho, akawa anaitikia kwa kichwa kila pahali pa kukata kona.

"Umeelekeza vizuri, mwanangu," akasema. "Mtu hawezi kupotea."

Kisha akauliza kama mahindi yamekwisha kupukuchuliwa. Nikasema bado. Tukakaa, tukapukuchua.