Mtoto Mweupe wa Nyoka wa Kahawia

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, kwa sababu wazee wawili wamenifanya shahidi wao, na mimi hata kusoma somo kanisani najificha.

Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kwa sasa namsaidia mjomba Marseli hapa Babati mjini, ambaye ana banda la kuonyesha nyoka kwa wanafunzi, mimi nawalisha panya na kuwabadilishia maji, na ninaowapenda zaidi ni nyoka wa nyumbani, wale wa kahawia wasio na sumu. Mjomba ana jike aliyemlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, hajawahi kukaa na dume, ndipo mwaka huu akaazima dume la Mzee Octavian wa Singe, rafiki yake anayefuga kwa kibali kama yeye, wakakubaliana kama watu wanavyokubaliana kwa beberu, kwamba watoto wakipatikana mwenye dume atachagua mmoja kwanza. Mayai yakaanguliwa, wote kahawia isipokuwa mmoja mweupe mwenye macho mekundu, mzuri ajabu.

Mzee Octavian alipomwona tu akasema, "Namchukua huyo."

Mjomba akaruka, "Huyo hapana! Dume lako kahawia, jike langu kahawia, huyu weupe kautoa wapi? Si wa dume lako."

"Kwa hiyo jike lako lilikuwa linatoroka?"

"Sijasema hivyo."

"Basi mtoto kashuka na mvua, Marseli?"

Nilitaka kucheka nikashindwa, maana mjomba alinigeukia akasema, "Huyu mpwa wangu kasoma baiolojia, Jumapili atakueleza mwenyewe," nami nikanyamaza, akadhani nimekubali.

Mshauri, urithi niliusoma shuleni, ninajua mzazi anaweza kubeba weupe ndani yake bila kuuonyesha, na mtoto anatoka hivyo akiupata kwa baba na kwa mama pia, tena nilipomweka yule mweupe kwenye mwanga niliiona ile mistari miwili ya kichwani ya nyoka wa nyumbani, na jike hajawahi kukutana na dume jingine, kwa hiyo ni mtoto wao kabisa, lakini nikisema hivyo mjomba atampoteza anayempenda kuliko wote, na ni yeye anayenilisha, na nikikaa kimya Mzee Octavian anadhulumiwa na jike anasingiziwa. Nifanye nini?

Dorika, Babati

Mwanangu Dorika, marahaba.

Nimecheka, nikakuonea huruma, na sasa nakukaripia kidogo. Kunyamaza kwako usikuite adabu. Mjomba ametangaza jibu kwa mdomo wako, nawe umemwachia. Jibu sahihi unalo, tena umelipata vizuri: hukukimbilia rangi, uliangalia mistari. Endelea hivyo, ila nyoka wa porini usimguse hata ukidhani unamfahamu, maana wenye sumu nao huzaliwa na rangi zisizo za kawaida.

Lakini baiolojia yako umeiachia njiani! Kama weupe umetoka kwa wazazi wote wawili, basi jike la mjomba na dume la Singe wakikutana tena wanaweza kuzaa mweupe mwingine. Kila mtoto ana nafasi kama moja katika nne. Mjomba akilikana dume leo, mwakani ataazima la nani? Hata hao wa kahawia, baadhi yao wanabeba weupe, ingawa kwa macho huwezi kujua ni yupi.

Hayo mwambie mjomba kwanza, mkiwa wawili bandani, asije akaumbuka mbele ya rafiki yake. Anza hivi: "Mjomba, tunaweza kupata mweupe mwingine." Utaona atakavyoacha kazi akusikilize. Kisha mwombe yeye mwenyewe azungumze na mwenzake. Akikataa, Jumapili ukiulizwa, jibu kwa heshima na kwa sentensi moja tu: "Mzee, huyu ni mtoto wa dume lako." Sauti ikitetemeka, si kosa.

Na mweupe akichaguliwa, mfungashe wewe kwenye boksi lenye matundu, umpeleke Singe mwenyewe. Usiwaachie wale wazee. Watakuwa wamezama kupanga lini dume lirudi, na mtoto wa watu atabaki kwenye kiti cha bajaji.