Chuma Kilichokwenda Kanisani

Zuhura mdogo wangu,

Nakuandikia kutoka Kisii, mvua inapiga mabati na sielewi kitu. Kazi iliyonileta chuo hiki ni kupima kanieneo ya mvuke, yaani nguvu ya mvuke unaotoka kwenye unga fulani wa rangi ya chungwa wenye chuma ndani yake. Unaupasha moto, kisha unaupima uzito kuona umepungua kiasi gani.

Ijumaa jua lilipozama, Mzee Ombati, fundi wa maabara, alizima kila kitu kwa sababu Sabato imeingia. Leo Jumapili nimeupima unga. Umepungua, na moto haukuwako. Nikamuuliza kama aliumwaga.

"Mimi sijagusa, madam," akasema. "Lakini nusa hii koti yangu."

Lilikuwa koti lake la kanisani. Mvua za huku haziachi nguo ikauke, kwa hiyo alilitundika maabara Ijumaa ile, ndicho chumba chenye joto, akalifuata asubuhi ya Sabato. Lilinuka kafuri, harufu ya unga wangu kabisa.

"Jana kanisani nilikaa benchi peke yangu," akasema.

Basi unga huu huruka kuwa mvuke hata ukiwa baridi, na hesabu zangu zote nilizianza nikidhani umetulia.

Mwambie Mama aifunge vizuri kafuri ya sandukuni, maana sijui tena ni kitu gani hukaa pale ulipokiacha. Wewe kaa hapohapo nikukute.

Dada yako,
Rehema