Mtu Mmoja Hujibu kwa Nyumba Nzima

Jumatano. Upepo wa kiangazi umeamka kabla yetu, na vumbi la malori limeingia mpaka ndani ya kopo la sukari. Moyo wangu hauko sawa, kwa hiyo naandika.

Kwanza niseme jambo ambalo mtaa wetu wote wa Kapata unalijua: mimi, Mama Kabedi, simwamini mtu. Mhubiri akisema tufumbe macho tuombe, langu moja linabaki wazi. Mtu akija na karatasi, hata kama anagawa chandarua bure, namwuliza kwanza ametumwa na nani.

Sikuzaliwa hivi. Tulipokuwa bado tunaishi mtaa mwingine, upande wa pili wa mji, walikuja vijana wa kampuni moja ya madini na fomu. Waliuliza kazi tu: wewe unafanya nini, mkeo anafanya nini. Marehemu mume wangu, mtu mkweli kupita kiasi, akajibu kwamba yeye ni mchimbaji wa shaba. Jirani yetu naye alikuwa mchimbaji, tena shimo moja na mume wangu, lakini alikuwa na mashina manne ya mihogo nyuma ya choo, akasema yeye ni mkulima. Mitambo ilipofika kuubomoa mtaa, mkulima alipewa kiwanja kipya. Sisi tuliambiwa mchimbaji ni mpita njia. Tukabeba magodoro yetu kichwani huku jirani akitupungia mkono.

Tangu siku ile, nyumba yangu ni ya wakulima.

Basi miezi miwili iliyopita dada mmoja alibisha hodi. Alikuwa na kizibao cha kijani, beji shingoni, tableti mkononi, na viatu safi mno kwa Kapata. Viatu ndivyo nilivyovishuku kwanza. Alisema ni utafiti wa kazi: wanataka kujua watu wa hapa wana ufundi gani, walijifunzia wapi, na vijana wanataka kusomea nini. Hakuna haja ya kuwangoja wengine, alisema, mtu mmoja hujibu kwa nyumba nzima. Nikajisemea, ndivyo tulivyoipoteza nyumba ya kwanza, kwa mdomo wa mtu mmoja.

"Mama, munafanyaka kazi gani?"

"Kulima."

Ukweli ni kwamba nauza makala, mkaa wa kupikia, sokoni, na jembe langu limeota kutu.

"Na mutoto wenu wa kwanza?"

"Kulima naye."

Kabedi wangu ana miaka ishirini na mitatu. Anachomelea vyuma katika karakana ya Tata Ilunga, pale malori yanapogeukia: milango, madirisha, mpaka trela zilizovunjika. Hakuusomea ufundi huo. Aliingia kufagia, akawa anatazama, siku moja akapewa mashine ajaribu, na leo huu ni mwaka wa tatu.

Yule dada akainua macho, akaiona maski ya kuchomelea ikining'inia ukutani, nyeusi, na kioo chake.

"Na kile kitu ni ya nini?"

Ulimi wangu, Mungu anisamehe, haukusita hata kidogo. "Ni ya nyuki. Kabedi anatoshaka buki mu pori."

Akaandika: kilimo na asali. Akashukuru, akaenda. Nilicheka peke yangu mchana kutwa. Niliona nimemshinda mjanja.

Jumatatu majina yakabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Kumbe utafiti ulikuwa utafiti kweli. Mafundi waliojifunza kwa mikono tu wameitwa kwenye mtihani, na atakayefaulu anapewa cheti. Siku hizi ukifika kwenye geti la kampuni yoyote bila cheti, mlinzi hakusikilizi hata uwe fundi namna gani. Wenzake wote wa karakana wameitwa, pamoja na yule kijana ambaye milango yake Kabedi huirudia kila wiki. Jina la Kabedi lilikuwa kwenye karatasi nyingine kabisa. Mafunzo ya ufugaji wa nyuki.

Alirudi na macho mekundu, na safari hii haukuwa moto wa kazi. Alikuwa na hakika kwamba yule dada wa utafiti ndiye mbaya wake.

"Alisikia mi niko mwanamuke, akasema sudire wa kuchomelea vyuma haiwezekane. Siku ya tatu niko naenda kumusemea kwa shefu. Bamufukuze!"

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilimsikia akisema kwa sauti yangu mwenyewe, kwa shuku zangu mwenyewe, na kila neno lilikuwa linamwangukia mtu asiye na kosa. Ilikuwa rahisi kumwambia. Maneno machache tu.

Nilinyamaza siku mbili.

Leo asubuhi alivaa nguo za kanisani ili aende kushtaki. Nikasema twende wote. Njia nzima nilikuwa naanza sentensi kisha naimeza, naanza tena, mara naongelea baridi, mara bei ya unga.

Ofisini yule dada alikuwepo, na viatu vyake sasa vina vumbi kama vya kwetu. Kabedi akasema yote, mbele ya watu waliojaa kwenye benchi. Dada wa watu hakujitetea. Alifungua tableti akaanza kutafuta, na shefu wa mtaa tayari alikuwa anamwuliza jina la mkubwa wake. Alionekana mdogo kuliko Kabedi. Nikafikiri, huyu naye ana mama yake mahali fulani, amewaambia majirani kwamba binti amepata kazi.

"Tata shefu," nikasema, "huyu dada hana kosa. Mi njo nilisema bongo."

Nikaeleza uongo wangu wote, pamoja na nyuki. Mtu mmoja kwenye benchi aliangua kicheko. Shefu aliniuliza kwa nini, nami nikamweleza habari ya mashina manne ya mihogo. Hakucheka, kwa sababu wengi tuliohamishwa kule tuko hapa. Kabedi sikumtazama.

Dada akatoa fomu ya kusahihisha. Aliyejibu lazima akiri kwamba jibu la kwanza halikuwa kweli, aandike jina lake na kutia saini. Mimi na saini! Niliisoma mara tatu, nikaigeuza nione nyuma kuna nini. Hakukuwa na kitu. Nikasaini. Alisema ataituma leo leo, lakini orodha ya mtihani imeshaondoka na hawezi kuahidi chochote, tungoje simu. Nilimwomba radhi. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Wakati wa kurudi Kabedi alitembea mbele yangu, mbali kidogo. Karibu na njia panda akasimama akanisubiri.

"Mama, mulisema vile juu mulikuwa munaogopa, ao juu munasikia haya na mi?"

"Niliogopa tu, mutoto wangu."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda kazini na nguo zake za kanisani.

Hapa sasa niandike ukweli, maana kule njiani nilishindwa. Woga ulikuwepo, sikatai. Lakini akina mama wa kwaya wakiniuliza Kabedi anafanya nini, mimi husema yuko karakana, anapokea wateja. Wakisema wamemwona na suruali yenye mafuta, uso mweusi kwa moshi, nasema siku hiyo alikuwa anawasaidia wanaume kidogo. Hakuna hata mmoja wao aliyenijia na fomu. Hakukuwa na kampuni ya kuogopa.

Namwonea haya mwanangu, na chakula kilichopo mezani humu kimetoka mikononi mwake.

Karakana iko mwendo wa dakika kumi na tano kutoka hapa. Tangu aanze sijafika hata siku moja. Sijui anafanya kazi amesimama au amechuchumaa. Tata Ilunga ananitumia salamu kupitia Kabedi kila mwaka mpya, na tukipishana sokoni hanijui.

Kesho siuzi makala. Nitakwenda saa sita mchana, watu wakiwa wengi, nisimame pale mlangoni na kusema kwa sauti ya kusikika: mi njo mama ya Kabedi.